Anayeanguka Siye Aliyekosa: Mbio za Baiskeli, Ajali Zake na Barabara Yetu ya Tunduma

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kurasa chache juu ya mbio za baiskeli, na sababu zake ni mbili. Kwanza, katika kikao cha maandalizi ya mkutano wetu ujao ndugu mmoja alitoa wazo kwamba wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa washindane kwa baiskeli kutoka shuleni hadi Tunduma, na wazo hilo likapigiwa makofi kabla halijajadiliwa. Pili, Mhariri anakumbuka kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakishindana katika barabara ile zamani, kwa hiyo anadhani ninalijua jambo hili. Machache niliyaona kwa macho yangu. Mengi nimeyasoma baadaye, kwa kuwa yale niliyoyaona yalinisumbua.

Mchezo wenyewe siupingi hata kidogo. Baiskeli humjenga kijana mapafu na miguu, wala haidai uwanja uliosawazishwa. Lakini mchezo huu una tabia moja ambayo mpira wa miguu hauna. Katika mpira, mchezaji akimkwatua mwenzake watu wote wanaona nani amekwatua na nani amekwatuliwa. Mwamuzi hupuliza filimbi, na kosa lina jina lake, faulo, ambalo hata mtoto asiyejua kusoma analijua. Katika mbio za baiskeli anayeanguka mara nyingi siye aliyekosa. Aliyekosa huendelea na safari yake, na pengine hushinda, wala hajui kilichotokea nyuma yake. Historia ya sheria za mchezo huu, tangu Wazungu walipouanza hadi mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu kulitafutia kosa hilo jina.

Wanafunzi wa sasa wamezaliwa wakaikuta barabara kuu ina lami na malori, basi hapana budi niwaeleze kwa kifupi ilikotoka. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, ambayo ilitegemea njia za kusini, ikajikuta imebanwa. Mafuta yakaanza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Madereva waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Lami ilifuata miaka michache baadaye. Reli nayo ilianza kujengwa mwaka 1970, ikafika Tunduma mwezi Agosti 1973, na TAZARA nzima, kilometa 1,860, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Sehemu ya gharama za ndani za reli ile ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina madukani, yaani mzee aliyenunua karai au shati la Kichina alikuwa analipia taruma la reli bila kujua.

Baiskeli zetu zilitoka pande hizo hizo za historia. Wazee wa kahawa wa Mbozi walikuwa na Raleigh za Uingereza, wakazitunza kama ng'ombe wa maziwa. Halafu zikaja Phoenix nyeusi za China, na Swala za kwetu kutoka Dar es Salaam. Zote zilifanana kwa mambo muhimu: nzito, gia moja, breki za vyuma, na keria nyuma ya kubebea gunia. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano. Zilitengenezwa kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, debe la mahindi mashineni, na mgonjwa zahanati.

Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walibeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na wito wao wa kutafuta abiria ndio uliozaa neno bodaboda tunalolitumia leo kwa pikipiki. Kwetu Tunduma, baiskeli ilibeba mizigo zaidi kuliko watu, na si mizigo yote iliyopita mbele ya ofisa wa forodha. Ninalitaja jambo hilo kwa sababu mbio zetu zilizaliwa katika kazi hiyo. Mbebaji aliyefika kwanza ndiye aliyempata mteja. Hivyo kijana alijifunza mapema kumfungia mwenzake njia, kumsukumia kwenye changarawe za pembeni, na kumkata ghafla akisikia kengele nyuma yake. Hayo yalikuwa maarifa ya kazi. Yalipoingia katika mashindano hakuna aliyeyaona kuwa ni makosa.

Sasa nieleze mbio zetu zilivyokuwa. Nazungumzia mwaka 1981. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini maduka yalikuwa matupu, na mafuta yalikuwa haba hata serikali ikapiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Kwa watu wazima hiyo ilikuwa adha. Kwa vijana wa bweni wenye kuazima baiskeli za wajomba zao ilikuwa neema kubwa, maana barabara ya kwenda Tunduma ilibaki karibu tupu hadi jioni. Tulikuwa tunakusanyika kama vijana kumi na watano hivi. Hatukuwa na mwalimu wa mchezo, wala mwamuzi, wala kofia. Wengine walifungua madigadi ili kupunguza uzito, na wawili watatu walifungua hata breki ya mbele, wakisema breki ni za waoga. Zawadi ilikuwa kilo mbili za sukari tulizochangishana, na sukari ya miaka ile anayeikumbuka hahitaji kuelezwa.

Katika mbio moja tulifika kwenye mteremko wenye kona tukiwa kundi moja. Aliyekuwa mbele alikuwa katikati ya lami. Aliposikia mwenzake anapanda upande wa kushoto, alihama kushoto kumfungia, kama walivyofanya wabebaji wote wa mpakani. Yule wa nyuma gurudumu lake la mbele likagusa gurudumu la nyuma la yule wa mbele. Alianguka papo hapo, na watatu wakamwangukia. Mimi nilikuwa wa sita au wa saba, nikapitia majanini. Aliyefunga njia hakuyumba hata kidogo. Aliendelea, akashinda, akapewa sukari yake jioni ile, naye kwa hakika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mpole aliyefanya alilozoea kuona.

Aliyeanguka alivunjika mtulinga na kiwiko. Alipakiwa kwenye lori la mahindi lililotokea baada ya muda mrefu, akiwa amelala juu ya magunia huku tumemshika pande zote mbili. Mtulinga uliunga. Kiwiko hakikunyooka tena, na rafiki yetu yule alifanya mtihani wa kidato cha nne akiandika kwa mkono wa kushoto, baada ya kujifundisha upya kuumba herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Bwenini yalisemwa mambo mawili tu juu ya ajali ile. Wapole walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema hajui baiskeli. Hakuna aliyesema kwamba kulikuwa na kosa, kwa sababu hatukuwa na neno la kulitaja.

Mtu asiyeshindana atauliza, kwa nini aanguke wa nyuma na siyo wa mbele? Jibu lake ni rahisi, na kila mwanafunzi wa fizikia anaweza kulihakiki. Mwendesha baiskeli hasimami kwa nguvu za miguu. Anasimama kwa sababu kila nukta mikono yake inageuza usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, ikiyarudisha magurudumu chini ya uzito wa mwili wake. Gurudumu la mbele likizuiwa lisigeuke, hata kwa kufumba na kufumbua, uwezo huo umekwisha na mtu amekwenda chini. Gurudumu la nyuma halina kazi hiyo. Wa mbele akiguswa kwa nyuma huhisi mtikisiko mdogo tu, na mara nyingi huendelea na safari.

Wala wa nyuma hawezi kuambiwa akae mbali, kwa sababu kukaa karibu ndiyo akili yenyewe ya mchezo. Anayejikinga upepo nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi sana, yapata theluthi moja katika mwendo mkali. Ndiyo maana waendeshaji hodari hujipanga kama mchwa, gurudumu kwa gurudumu. Usalama wa kundi zima unategemea jambo moja: kila mtu ashike mstari wake, na anayetaka kuhama atazame kwanza na ahame polepole. Breki hukamatwa taratibu, na shimo likionekana wa mbele hulionyesha kwa kidole. Haya ni mambo ya kufundishwa, maana hakuna azaliwaye nayo.

Basi nani aliyepaswa kutufundisha? Hapa ndipo historia ya mbali inapoingia, nami naomba wasomaji wavumilie safari ya kwenda Ulaya na kurudi.

Mbio za kwanza za barabarani kutoka mji hadi mji zinazokumbukwa sana ni zile za Paris hadi Rouen, tarehe 7 Novemba 1869, kilometa 123, ambazo mshindi wake alikuwa Mwingereza aitwaye James Moore. Ufaransa, Ubelgiji na Italia ziliendelea na desturi hiyo ya kuanza kwa kundi. Lakini Uingereza, iliyotutawala sisi, iligeuka upande mwingine. Mwaka 1894, katika barabara kuu iendayo kaskazini mwa nchi hiyo, washindani walimpita mama mmoja aliyekuwa na gari la farasi. Farasi akashtuka, na waendeshaji wakaishia mtaroni, watu na baiskeli zao lundo moja. Mama yule alilalamika polisi. Chama cha baiskeli cha Waingereza kilikuwa kinahofia kwamba serikali itapiga baiskeli zote marufuku barabarani, kikaamua chenyewe kuyakataza mashindano ya makundi katika njia za umma.

Mmoja wa waliokuwamo katika mbio zile alikuwa F. T. Bidlake, naye ndiye aliyepata ufumbuzi. Tarehe 5 Oktoba 1895 chama chake kiliendesha mbio ambazo kila mtu aliondoka peke yake, akafuatiwa na mwingine baada ya muda, wote wakishindana na saa badala ya kushindana wao kwa wao. Kwa kuwa walihofia macho ya polisi, walianza alfajiri, wakavaa nguo nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni wafanane na wasafiri wa kawaida, na njia zao wakazipa namba za siri. Ilikuwa michezo ya ridhaa kweli kweli, iliyochezwa kama magendo. Lakini mtu akiwa peke yake barabarani hana wa kumfungia njia wala wa kumgusa gurudumu. Kosa halikupewa jina. Liliondolewa tu nafasi ya kutendeka.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Kisha Percy Stallard, wakati wa Vita Kuu ya Pili, magari yakiwa machache kwa sababu ya uhaba wa mafuta, aliandaa mbio za kundi kutoka Llangollen hadi Wolverhampton tarehe 7 Juni 1942. Msomaji atambue kwamba uhaba wa mafuta ndio uliowafungulia barabara wao kama ulivyotufungulia sisi. Tofauti ni kwamba Stallard alikwenda kwanza kuzungumza na polisi, nao wakakubali kumsaidia. Mbio zilimalizika salama. Chama kikamfungia hata hivyo. Yeye na wenzake wakaunda chama chao mwaka huo huo, na ugomvi wa vyama hivyo viwili haukuisha mpaka vilipoungana mwaka 1959.

Tafakari mwaka huo, 1959. Miaka miwili baadaye Tanganyika ilikuwa huru. Maana yake ni kwamba kwa muda wote Mwingereza alipokuwa hapa, kwao mashindano ya kundi barabarani yalikuwa ama yamekatazwa ama yanagombaniwa. Alituletea mpira na sheria zake, riadha na saa zake, hata kriketi. Baiskeli alituuzia kama chombo cha kazi, bila adabu ya kuiendesha katika kundi, kwa kuwa adabu hiyo yeye mwenyewe alikuwa hajaikubali. Haya ni maoni yangu. Lakini linganisha na Eritrea, iliyotawaliwa na Mwitaliano: huko mbio za kuzunguka nchi zilikuwapo tangu 1946, na watu walirithishana ufundi baba kwa mwana. Ndiyo nchi iliyomzaa Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 pamoja na jezi ya kijani. (Na ajali yake iliyozungumzwa sana haikutokea barabarani. Mwaka 2022 alishinda hatua moja ya Giro d'Italia, akapanda jukwaani kufungua chupa ya kusherehekea, na kizibo kikamruka jichoni, ikabidi aache mbio.)

Jirani zetu walianza kuchelewa lakini walianza. Rwanda ilianzisha Tour du Rwanda mwaka 1988 kama mashindano ya ridhaa, na kuanzia 2009 yakaingia katika kalenda ya shirikisho la dunia. Kenya ilimpata mwalimu David Kinjah, ambaye nyumba yake ndogo ya mabati karibu na mji wa Kikuyu ilikuwa shule ya vijana wengi. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Wanafunzi watapenda kujua kwamba mwaka 2006, akivaa rangi za Kenya katika mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, Froome aliondoka jukwaani kwa kasi na mara tu baada ya kuanza akamgonga ofisa wa mashindano, wote wawili wakaenda chini. Aliinuka, akamaliza wa 36. Mwaka 2019, akiwa bingwa anayejulikana dunia nzima, akiwa anaijaribu tu njia kabla ya mbio huko Ufaransa, upepo ulimyumbisha akagonga ukuta na kuvunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Ubingwa haumzuii mtu kuanguka.

Kanda ya Ziwa hapa kwetu nayo imekuwa na mbio kubwa, Mwanza na Shinyanga, zenye wanaume, wanawake na hata walemavu kwa baiskeli za magurudumu matatu. Nyanda za Juu Kusini tulibaki na mbio zetu za Jumapili mchana.

Kuna jina moja ambalo siwezi kuliacha. Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyepata nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alikuwa nahodha wa Timu ya Amani, iliyoundwa ili vijana wa Afrika Mashariki wapate mashindano ya kupimana na dunia. Tarehe 27 Agosti 2022 alikuwa katika mbio za barabara za changarawe jimboni Vermont, Marekani, mbio za namna ambayo watu wa kulipwa na watu wa ridhaa huondoka pamoja. Alianguka akiwa katika mwendo mkubwa, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 33. Hapo hatuzungumzi juu ya kijana wa kuazima baiskeli ya mjomba. Huyu alikuwa na ufundi, baiskeli bora na kofia ngumu kichwani. Changarawe hazimjali mtu, na wale vijana wanaoniambia kwamba siku hizi vifaa vimekuwa vizuri kwa hiyo hatari imekwisha, naomba wamkumbuke ndugu yetu huyo.

Kofia ngumu yenyewe ina hadithi ndefu ya ukaidi. Chama cha ridhaa cha Marekani kiliwalazimisha washindani wake kuivaa tangu 1986. Shirikisho la dunia lilipojaribu kuwalazimisha watu wa kulipwa mwaka 1991, waligoma, wakisema joto linawaua milimani, na sheria ikarudishwa kabatini. Ikakaa humo hadi Machi 2003, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alipoanguka katika mbio za Paris–Nice akafa kwa jeraha la kichwa. Mwezi Mei mwaka huo sheria ikatoka kabatini, na safari hii haikurudi. Basi wa ridhaa waliwatangulia mabingwa kwa miaka 17, jambo ambalo naona linatupa sisi wa ridhaa haki ya kujivuna kidogo.

Jina la kosa nalo likapatikana kwa taabu kama hiyo. Tarehe 5 Agosti 2020, katika mbio za Poland, Waholanzi wawili walikuwa wanakimbilia mstari wa mwisho mjini Katowice. Dylan Groenewegen alihama kutoka mstari wake na kumbana Fabio Jakobsen kwenye uzio. Jakobsen alilazwa hajitambui kwa siku mbili, na uso wake ukashonwa nyuzi zaidi ya mia. Safari hii aliyekosa naye alianguka, akavunjika mtulinga. Alifungiwa miezi tisa. Miaka miwili baadaye wote wawili walirudi Tour de France ya 2022, Jakobsen akashinda hatua ya pili, na kesho yake Groenewegen akashinda ya tatu. Nilipozisoma habari hizo nilimkumbuka rafiki yangu wa mkono wa kushoto. Yeye hakurudishiwa hata kauli ya kwamba alikosewa.

Tangu Januari 2025 shirikisho la dunia limekuwa na kadi ya njano kama ya mpira. Anayehama mstari wake na kuwahatarisha wenzake huonyeshwa katika taarifa ya waamuzi. Kadi mbili katika mbio moja zinamtoa nje na kumfungia siku saba, kadi tatu katika siku 30 zinamfungia siku 14, na sita katika mwaka zinamfungia mwezi. Ilichukua zaidi ya miaka 150 tangu Paris na Rouen.

Na Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Watu wengi wanakumbuka kwamba Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume na kwamba ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho kwa ukali wa vilima. Mimi ninakumbuka jambo dogo zaidi. Mwaka uliotangulia, katika mashindano hayo hayo huko Zürich, msichana Muriel Furrer, umri miaka 18, alianguka katika sehemu ya msituni, na hakuna aliyegundua upesi kwamba hayumo tena katika mbio. Alifariki siku iliyofuata. Kigali kila mwendeshaji alifungiwa kifaa kidogo cha kuonyesha mahali alipo, ili asiwepo wa kupotea tena. Vifaa hivyo sisi hatuna. Lakini kuhesabu watu waliopita kila kituo kwa daftari na kalamu, hilo halihitaji setilaiti.

Sasa turudi Tunduma. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016, na kituo cha pamoja cha mpakani baina yetu na Nakonde kilizinduliwa 2019, lakini malori yamezidi kuongezeka, na foleni ya kuvuka huweza kunyoosha kilometa kadhaa kando ya barabara. Jumapili ya barabara tupu haipo tena na haitarudi. Kila anayepita huwaona vijana, wengine wakiwa na sare ya shule, wakidandia malori kwa mkono mmoja mlimani huku mkono wa pili umeshika usukani, kisha wakiachia juu na kushuka mteremko kwa kushindana, wakipenya baina ya foleni na magari yanayotoka upande wa pili. Wanafungiana njia vile vile kama sisi mwaka 1981. Tofauti ni kwamba sisi tuliangukia majanini na wao wataangukia chini ya tela.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili, nalo nimeshaliandika katika barua. Mbio ziwepo, lakini zisiwe katika barabara kuu. Zifanyike katika barabara ya Mpemba kwenda Isongole, ambako malori ni machache zaidi, asubuhi na mapema, kwa kibali cha polisi na gari la kuwatangulia. Kwa miaka miwili ya kwanza tufuate njia ya Bidlake, kila mtu aondoke peke yake baada ya dakika moja, dhidi ya saa. Najua vijana watanung'unika kwamba hakuna raha pasipo kundi. Wapewe kundi mwaka wa tatu, baada ya kufundishwa kushika mstari katika uwanja wa shule, pole pole, wawili wawili, kisha wanne wanne, na mwamuzi mwenye kadi. Wenye baiskeli za keria wawe na mashindano yao, maana breki ya chuma haisimami pamoja na breki ya kisasa, na wa nyuma ndiye atakayeumia.

Saa nimeshampatia mtu wa kuishika. Ni rafiki yetu aliyeumia mwaka ule. Alistaafu ualimu miaka michache iliyopita, na alipoisikia habari ya mbio alinijibu kwamba atakuja na daftari lake mwenyewe. Majina yaandikishwe kwa katibu wa kamati mwezi mmoja kabla. Baiskeli zitakaguliwa shuleni jioni ya kuamkia mbio, na isiyo na breki ya mbele haitapewa namba.